Fremu Zilizodondoka Bwawani

Safari ya tatu ya kwenda Bwawani nilikuwa nimechoka hata kabla sijashuka garini. Mgongo uliniuma, begi la vifaa lilinielemea begani, na nilijua vizuri kitakachotokea: nitaiwasha mashine, nitaipima kila upande, nayo itafanya kazi bila kasoro. Mashine za namna hiyo ndizo zinazowazeesha mafundi. Iliyokufa unaifungua, unatafuta kilichoungua, unabadilisha, unakwenda zako. Hii ilikuwa inaugua mbele ya wageni tu, na fundi akija inapona.

Mama Damari alinipokea mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaninyang'anya begi ingawa yeye ni mtu mzima na mimi bado nina nguvu. Mashine ilikuwa sebuleni kwake kwa sababu pande zote mbili za bonde zinamwamini. Muuza karanga akimzidishia kipimo kwa bahati mbaya, Mama Damari anarudi sokoni kumrudishia. Watu humcheka kwa tabia hiyo, lakini lilipokuja suala la maji hakuna aliyetaka mashine ikae kwa mtu mwingine. Alinimiminia chai na kuniuliza kama safari hii nitaupata ugonjwa wenyewe. Nilimjibu kwamba nitaupata. Hata mimi sikuiamini sauti yangu.

Mashine ilikuwa juu ya meza ndogo, chini ya picha za harusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye maua ya zambarau pembeni. Nilikitoa, nikakikunja, nikakiweka kwenye mkono wa kochi kama nilivyofanya safari mbili zilizopita. Fundi yeyote huondoa kitambaa kabla ya kuanza kazi, na nyumba yoyote ya heshima hukirudisha fundi akimaliza. Nikaketi sakafuni, nikaanza upya.

Fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video, hupotea kwa njia tatu. Ya kwanza ni njiani: picha imetoka salama kwenye mashine, lakini mtandao ni mwembamba, haifiki kwa watazamaji. Ya pili ni kwenye kufungasha: mchezo umechora picha, lakini sehemu inayoifinya na kuitia kwenye rekodi imezidiwa, inairuka. Ya tatu ni kwenye kuchora kwenyewe: kadi ya picha imeelemewa na mchezo, haina nafasi ya kumpa mrekodi, yaani programu inayorekodi, chochote. Njiani palikuwa safi, maana safari ya kwanza niliwawekea kebo mpya badala ya mtandao wa hewani. Safari ya pili niliufunga mchezo usizidi fremu sitini kwa sekunde ili kadi isijichoshe bure, nikabadilisha na diski ya kuhifadhia. Sasa nilizisafisha feni kwa brashi, nikazima kila programu isiyohusika, nikaucheza mchezo mimi mwenyewe asubuhi nzima huku narekodi na kurusha mubashara. Haikudondoka fremu hata moja. Mama Damari alipita na ufagio, akatazama taa za kijani, akanipa pole.

Kwingine duniani fremu zikidondoka, watazamaji hulalamika, mchezaji huomba radhi, maisha yanaendelea. Hapa zilikuwa ni maji. Tangu mwaka ule vijana walipokatana mapanga kwenye lango la mfereji, mgawo wa maji kati ya Bwawani, walio juu, na Isanza, walio chini, huamuliwa kwa Mchezo. Kila upande unatoa mchezaji mmoja. Mashine inajenga bonde lote, na mvua zake, na mifugo yake, na watu wake wa kubuni wenye kiu ya kubuni, na wachezaji wanaliongoza miaka ishirini ndani ya siku moja, kila mtu akitazama. Namna unavyolilisha bonde ndiyo inayoamua sehemu yako. Mchezo wenyewe haukumbuki kitu, umeundwa hivyo makusudi ili asitokee mjanja wa kuuchezea baadaye. Kinachobaki ni rekodi ya video peke yake, na kila fremu hubeba muhuri wa fremu iliyoitangulia. Zikipotea chache, sheria inavumilia. Zikizidi mia tatu, mchezo mzima ni batili.

Michezo miwili ilikuwa imekwisha kubatilika. Wa tatu ukibatilika, maji yangechukuliwa na Baraza la Mabonde lililoko mjini, na Baraza lilikuwa limekwisha kulaza mabomba yake kandokando ya barabara, makubwa ya kumtosha mtu kupita akitambaa. Niliyaona nikija. Hakuna mtu wa Bwawani wala wa Isanza aliyekuwa hayajui.

Kabla ya mchezo kuanza niliweka kidole kwenye kioo cha kiapo, nikasoma maneno yale yale: kwamba sitaigusa mashine mchezo ukianza, na kwamba nikikijua chanzo cha hitilafu nitakitangaza hapo hapo, kwa pande zote, bila kuficha. Na upande utakaobainika kuweka kitu chochote kwenye mashine, kwa nia mbaya au nzuri, unapoteza sehemu yake yote. Sheria hiyo iliandikwa na watu waliokuwa wametoka kuzika. Sikuwahi kuilaumu kwa ukali wake.

Mchezaji wa Isanza alifika na wenzake jua likiwa limekwisha kupanda. Anaitwa Foibe, mwanamke mwembamba mwenye mizinga ya nyuki na watoto watatu, na hucheza ameuma mdomo wa chini. Wa Bwawani ni Ndahani, kijana mpole ambaye nje ya Mchezo hawezi kumfukuza hata mbuzi shambani, lakini akikaa mbele ya skrini haachi tone lipite bila hesabu. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za nyumbani, wakaketi sebuleni mbele ya skrini. Mimi nikaenda kwenye nafasi yangu nyuma ya pazia la ukumbini, na skrini yangu ndogo, kwa sababu fundi haruhusiwi kukaa anapoweza kutazamana na wachezaji.

Saa ya kwanza ilikuwa safi. Nilianza kujidanganya, nikafikiria hata nyumbani kwangu Tabora na kitanda changu. Halafu kihesabio cha fremu zilizopotea kikaruka. Fremu nne, kisha kimya, kisha tisa. Niliangalia njiani: salama. Diski: salama. Kuchora: kadi ilikuwa inapunguza mwendo yenyewe, kidogo kidogo, na mrekodi alikuwa anaachwa nyuma. Mashine hupunguza mwendo kwa sababu moja kubwa, nayo ni joto. Lakini feni nilizisafisha kwa mkono wangu, zilikuwa zinazunguka kwa kasi yote, na sebule ile haikuwa na joto kuliko asubuhi.

Niliinuka kama mtu anayekwenda kunywa maji. Nilipopita sebuleni nilikiona. Kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau kilikuwa juu ya mashine, kimenyooshwa vizuri, kimefunika matundu yote ya juu yanayotolea joto. Mama Damari alikuwa ameketi kando yake, mikono mapajani, akitazama mchezo. Nilisimama pale na glasi yangu. Kila nikija nakitoa, kila wageni wakija anakirudisha. Hiyo ndiyo siri ya mashine inayopona mbele ya fundi.

Niliketi karibu naye, nikiwapa wachezaji mgongo. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba kitambaa ni kizuri mno, kisije kikamwagikiwa chai, kwa nini tusikikunje kwa leo. Alinitazama kama niliyekosa adabu.

"Ni zawadi ya Foibe," alinong'ona. "Alikileta siku ya mchezo wa kwanza, amekifuma mwenyewe. Nikikitoa mbele ya macho yake leo, atanielewaje?"

Katika bonde lile mgeni haingii kucheza mikono mitupu, na mwenyeji huiweka zawadi mahali pa heshima kuliko pote ndani ya nyumba. Na mahali pa heshima kuliko pote palikuwa juu ya mashine. Isanza walileta, Bwawani wakaweka, kila mmoja kwa upendo, na kwa upendo huo wamezibatilisha siku mbili nzima za maisha yao. Ningecheka kama nisingekuwa nimechoka hivyo.

Nilirudi nyuma ya pazia. Kihesabio kilikuwa kimepita mia moja.

Kiapo changu kilikuwa wazi. Nilikijua chanzo, nilipaswa kukitangaza. Nikikitangaza, mkono uliokiweka kitambaa ni wa Mama Damari, na Bwawani inapoteza maji yake yote kwa sababu ya adabu ya mama mmoja. Nikinyamaza, kihesabio kinafika mia tatu na mabomba ya Baraza yanafunguliwa. Nikikitoa mwenyewe, nimegusa, mchezo ni batili hapo hapo. Ningeweza kumwita Mama Damari pembeni nimweleze ukweli wote. Lakini namjua. Angesimama mbele ya kamera, mikono imekunjwa, akasema: ni mimi. Aliyeshindwa kunyamaza kwa karanga hataweza kunyamaza kwa mto mzima.

Basi alibaki mtu mmoja anayeweza kukiondoa kitambaa kile bila kuulizwa na sheria, yule aliyekileta, na huyo ndiye aliyekuwa na faida kubwa ya kukiacha pale na kupiga kelele. Foibe alikuwa anashindwa. Mwaka wa tisa wa mchezo ukame ulikuwa umempiga, na ng'ombe wake wa kubuni walikuwa wanakufa kwenye skrini mmoja mmoja. Akiujua ukweli, neno lake moja tu lingewapa Isanza bonde lote.

Ilipofika mapumziko, watu walitoka kunywa uji. Mashine iliachwa ikizunguka na mvua ya kubuni ikinyesha bila mtu. Nilimkuta Foibe nyuma ya jiko, ananawa mikono kwenye ndoo. Nilijiambia kwamba bado naweza kurudi. Miguu haikurudi.

"Nitakwambia jambo ambalo nilipaswa kulitangaza kwa wote," nilimwambia. "Ukilitangaza wewe, Bwawani wamekwisha na maji yote ni yenu."

Aliendelea kunawa. "Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu Mama Damari nikimwambia atalisema mwenyewe."

Nilimweleza. Matundu, joto, kadi inayopunguza mwendo, fremu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, maji yakimdondoka viganjani.

"Nilikitia bitana," alisema mwishowe. "Nilitaka kisilegee kikioshwa."

"Ndiyo maana hewa haipiti."

"Wanangu wanaoga Jumapili tu, fundi. Siku nyingine nawafuta na kitambaa chenye maji. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na unaona jinsi ninavyoshindwa mle ndani."

"Naona."

"Halafu unanifuata hapa, nanawa mikono, unanitwisha mzigo huu." Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka kama mimi, labda zaidi. "Ungemwambia mtu mwingine."

Nilimpa pole. Lilikuwa neno dogo mno, na wote wawili tulilijua, lakini sikuwa na lingine. Alijifuta mikono kwenye kanga yake akaingia ndani.

Mchezo ulipoendelea, niliketi nyuma ya pazia nikisubiri mojawapo ya sauti mbili: Foibe akilitangaza jambo lile, au Foibe akitaka kitambaa kiondolewe. Kihesabio kilikuwa mia mbili na kumi. Foibe alicheza kimya. Mwaka wa kumi ulipita, wa kumi na moja ukaanza, Ndahani akafungua lango lake robo, akafunga. Mia mbili na arobaini. Nilianza kuamini kwamba ameamua kunyamaza, kwamba ameona afadhali Baraza liyanywe yote kuliko kuchagua. Nisingeweza kumlaumu. Nilishika kipaza sauti changu cha kutangazia, nikakiachia, nikakishika tena. Mia mbili na sabini.

"Mama," ilikuja sauti ya Foibe kutoka sebuleni. "Naomba kitambaa changu."

Nilichungulia kwenye pindo la pazia. Ndahani alikuwa ameondoa mikono kwenye vitufe. Nje, ambako watu wa pande zote mbili walikuwa wanatazama kwenye skrini kubwa, kelele zilikatika.

"Kitambaa, mwanangu?" aliuliza Mama Damari.

"Ndiyo, Mama. Nimeona nikae nacho mwenyewe."

Kwa watu wa bonde lile, anayeidai zawadi yake amesema hataki tena kuhesabiwa mgeni wa nyumba hiyo. Mjukuu wake hataposa pale, msiba ukitokea hatapelekewa habari. Sijawahi kumwona mtu akilifanya, na wao wenyewe walikuwa wanalisikia katika hadithi za watu waliogombania mashamba zamani. Foibe alilifanya mubashara. Mama Damari alikiinua kitambaa kwa mikono miwili bila vidole vyake kuigusa mashine, akakikunja mara mbili, akampa kwa mikono yote miwili, na Foibe akakipokea akakikalia. Nje mtu alifyonya kwa nguvu, na mwanamke mmoja wa Isanza kabisa akaanza kulia kwa aibu. Kwenye skrini yangu maoni ya watazamaji yalimiminika, na sitayarudia.

Kihesabio kilisimama kwenye mia mbili na themanini na moja. Kadi ya picha ilishuka joto polepole, ikarudisha mwendo wake, na fremu zikaanza kupita moja baada ya nyingine, kila moja na muhuri wake. Niliziangalia hadi macho yakauma. Kwa miaka tisa iliyobaki haikudondoka hata moja.

Isanza walipata sehemu mbili kati ya tano. Walikuwa na moja, wamekuja kutafuta nusu. Wenzake Foibe walifanya hesabu kwa vidole, wakafurahi nusunusu, wakapanda gari bila kumngoja azungumze. Aliketi kiti cha nyuma peke yake, kitambaa kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Hakunitazama, nami sikumpungia mkono.

Kabla rekodi haijafungwa, fundi hutakiwa kutaja chanzo cha fremu zilizopotea. Niliwasha kipaza sauti.

"Joto," nilisema. "Mashine ilizidiwa na joto, kisha ikapoa."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Bonde lile lote lina joto, na watu walikuwa wanataka kwenda nyumbani. Rekodi ikafungwa, muhuri wa mwisho ukapigwa, na nikawa nimevunja kiapo nilichokula miaka yote ya kazi yangu bila kukikosea. Nilitarajia nihisi kitu kikubwa. Nilihisi njaa na maumivu ya mgongo.

Niliporudi sebuleni kukusanya kebo, Mama Damari alikuwa amesimama mbele ya meza ndogo. Mashine ilikuwa uchi, plastiki nyeusi yenye mikwaruzo, mbaya sana chini ya picha za harusi.

"Fundi," alisema, "nilimkosea nini yule binti?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kwamba hakumkosea kitu, kwamba mtu akishindwa huchanganyikiwa, kwamba labda alikuwa amechoka. Maneno yote yalitoka vizuri. Nikaendelea kukunja kebo ili nisimtazame.

Aliweka kiganja juu ya mashine, pale penye matundu, akakiacha hapo.

"Nilipokishika kilikuwa cha moto," alisema. "Hata mara mbili zile, nikikitoa jioni nikikung'ute, kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi. Nikadhani ni jua la dirishani."

Nilijua bila kuinua kichwa kwamba anahesabu: mchezo wa kwanza na zawadi, fremu, mchezo wa pili, fremu, leo. Pumzi yake ilibadilika. Nilikumbuka karanga. Nilikumbuka kwamba mji wenye ofisi ya Baraza hauko mbali na hapo, na kwamba mama huyu hujua kutembea akiwa na jambo la kurudisha.

"Ukiniambia," alisema polepole, "nitakwenda kusema."

"Najua, Mama."

Aliondoa kiganja chake kwenye mashine. Alionekana mzee kuliko asubuhi. Akaketi kwenye kochi, kwenye mkono ule ambako kwa safari tatu nilikuwa nakiweka kitambaa, akaupapasa kidogo.

"Basi usiniambie," alisema.

Nilifunga begi. Alinisindikiza mpaka mlangoni, na safari hii aliniachia nibebe mwenyewe. Nilipofika kizingitini nikageuka, kwa mazoea tu ya kazi, nikamkumbusha kwamba mashine ikikaa wazi hivyo bila kufunikwa itaingia vumbi.

"Iingie," alisema Mama Damari, akafunga mlango.